Wagonjwa wa Alasiri

Kliniki ya Daktari Wahome ilikuwa orofa ya tatu, mjini Kitengela, juu ya duka la simenti na bucha mbili zilizotazamana kama wake wenza. Harufu ya mafuta ya mbuzi ilipanda ngazi pamoja na wagonjwa. Inspekta Ndeti alipofika kwenye mlango wa kioo alikuwa ameshachefuka, na hakuwa amekutana na mtu hata mmoja.

"Pole, madam," alisema Konstebo Ledama nyuma yake. "Hii ngazi ni mbaya."

"Ngazi haina shida. Shida ni mtu mwenye kansa kupandishwa hapa akinusa nyama choma ambayo hawezi kumeza."

Walikuwa wameletwa pale na mwalimu mmoja wa Matasia aliyeitwa Tabitha. Mwanamke huyo aliingia ofisi ya upelelezi ya Kajiado juma lililopita, akaketi, na bila kudondosha chozi akasema mama yake hakuuawa na kansa bali aliuawa na saa. Kliniki ilikuwa inafanya utafiti. Nusu ya wagonjwa walitundikiwa dripu asubuhi, nusu alasiri. Dawa moja, kipimo kimoja. Wa asubuhi walikuwa wananenepa na wa alasiri walikuwa wanazikwa. Tabitha alikuwa amepiga magoti amsihi daktari amhamishie mama yake asubuhi, na daktari akamwambia sayansi haihamishwi.

Daktari Wahome aliwapokea akinywa chai. Alikuwa mtanashati, mwenye mikono laini na sauti ya mtu aliyezoea kupigiwa makofi. Alichovya mandazi kwenye kikombe muda wote aliokuwa akizungumzia wafu.

"Inspekta, mwili uko na saa yake," alianza. "Hii dawa si sumu ya kansa. Inaondoa breki kwa kinga ya mwili, halafu kinga yenyewe ndiyo inapigana. Sasa, seli za kinga zinaamka na kulala kama mimi na wewe. Ng'ambo wameona mara kadhaa kwamba mgonjwa anayepewa mapema anaishi zaidi."

"Kwa hivyo ulijua asubuhi ndiyo inaponya, na mama ya Tabitha ukampa mchana."

"Nilishuku. Kushuku si kujua." Alimeza. "Wengi huko waliangalia rekodi za zamani tu. Labda wale wanakuja asubuhi ni wale bado wako na nguvu ya kuamka. Ili ujue, lazima upige kura. Kompyuta ndiyo ilipiga kura hapa, si mimi. Kila mgonjwa alielezwa, na kila mgonjwa akakubali."

Lilikuwa jibu safi. Ndeti alilitafuta doa hakuliona, na hilo lilimuudhi zaidi.

"Na ulipoona wa mchana wanakufa, hukusimamisha?"

"Tunangoja ifike mahali hakuna ubishi. Mwezi ujao nasimama mbele ya wenzangu wa dunia nzima kuusoma utafiti huu. Tofauti ya hapa kwetu ni kubwa kuliko ya mtu yeyote." Alisema hivyo kwa furaha ya mtu ambaye ng'ombe wake amezaa pacha. "Chukua mfano wa wazee wawili wa upande wa Isinya. Mzee Katoo, wa asubuhi, uvimbe umenywea, karibu nimruhusu. Mzee Lazarus, wa mchana, anaisha. Umri mmoja, kansa moja ya mapafu, maisha mamoja. Tofauti ni saa tu."

"Dawa yenyewe haina madhara?"

"Ya kawaida. Vipele, kuwashwa, tezi kuvurugika. Kinga ikiamka, wakati mwingine inamuuma mwenyewe. Wa asubuhi karibu wote wanajikuna."

"Na wa mchana?"

"Hao hawana shida."

"Hata mmoja?"

Andazi lilisimama njiani kidogo, kisha likaendelea na safari yake. "Wazee wa huku hawalalamiki, Inspekta. Muulize konstebo wako. Unaweza kumkata mtu mguu akakuuliza kama umemaliza."

Ledama alitazama ukutani. Ndeti aliomba kuonyeshwa chumba cha dripu, maana chembe za andazi kwenye masharubu ya yule bwana zilikuwa zimemtosha.

Nesi aliyewaonyesha aliitwa Sandra, msichana mpole aliyevaa sweta juu ya sare. Viti sita vya kuegemea vilipangwa kutazama dirisha kubwa lisilo na pazia, na mbele ya dirisha vilionekana vilima vya Ngong. Wagonjwa wa asubuhi walikuwa wamejifunika shuka. Mmoja alikuwa akijikuna kifundo cha mguu kwa kisigino cha kiatu.

"Asubuhi hapa ni baridi," Sandra alieleza. "Jua halifiki upande huu mpaka mchana. Halafu likifika, wanalia linawachoma macho."

Ledama alinyoosha mkono kushika mfuko wa dripu uliokuwa juu ya sinia, na kwa mara ya kwanza yule nesi akapandisha sauti. "Usitikise hiyo, tafadhali. Ikitikiswa inatoa povu na dawa inaharibika."

Nyuma ya kidirisha kidogo, kijana mwenye glavu alikuwa akichanganya dawa. Sandra alisema anaitwa Nick. Ndeti alimsalimia. Nick alijibu salamu akiangalia vidole vyake.

Walikuwa wameipita Isinya garini Ndeti alipomgeukia Ledama.

"Wazee wa asubuhi wametoka wapi?" aliuliza.

"Huku huku. Kajiado, Isinya, Kitengela."

"Na wanajikuna, na wanasema. Kwa hivyo ile ya wazee kutolalamika ni upuzi."

"Ni upuzi, madam. Baba yangu hulalamika chai ikipoa."

Kazi iliyofuata ilikuwa rahisi: kumwona Mzee Lazarus, yule wa alasiri aliyekuwa anaisha, kabla hajaisha kweli. Nyumbani kwake waliambiwa ameenda mnadani Kajiado. Ndeti alidhani hakusikia vizuri, akauliza tena, na akajibiwa vilevile.

Mnadani vumbi lilikuwa limesimama wima. Palikuwa na mavi mabichi, mkojo wa ng'ombe, na supu ya vichwa vya mbuzi ikichemka hatua chache kutoka hapo kana kwamba hakuna aliyewahi kusikia habari za kipindupindu. Walimuuliza muuza fimbo, naye akawaelekeza kwa kidevu. Lazarus alikuwa mzee mnene, mwenye mashavu ya kung'aa, aliyekuwa akibishana bei ya beberu kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Alikuwa ameegemea nguzo ya zizi, na kila aliposema neno alijisugua mgongo kwenye ile nguzo, juu, chini, juu, chini, macho yakimfumba kwa raha.

Ledama aliinamisha kichwa kidogo, akamsalimia kwa Kimaa. "Sopa, apayia."

"Ipa," mzee alijibu, kisha akamwona Ndeti na kitambulisho chake, na mgongo ukatulia.

"Mzee, wewe ndiye Lazarus mgonjwa wa Daktari Wahome?"

"Niko mgonjwa, ndiyo."

"Daktari amesema uko karibu kufa."

"Hata mimi nimeshangaa," alisema Lazarus.

"Unaenda kliniki saa ngapi?"

"Mchana. Niliandikwa mchana."

"Sikukuuliza uliandikwa saa ngapi."

Mzee alitazama beberu. Alipoona beberu hana msaada akajikuna shingo.

"Na hiyo inakuwasha tangu lini?"

"Hii ni nguo mpya. Nguo ya duka siku hizi ni mbaya."

"Nguo imekupanda mpaka shingoni?"

Lazarus alimgeukia Ledama na kumwambia maneno machache kwa Kimaa, polepole, kama mtu anayefunga mlango bila kutaka kumkosea mgeni adabu. Ledama aliitikia na kuinamisha kichwa tena.

"Amesema tumuulize Mzee Katoo," alitafsiri waliporudi garini. "Wao ni rika moja. Walitahiriwa pamoja, wakawa morani pamoja. Amesema, Katoo akisema, yeye pia amesema. Bila Katoo hana neno."

"Huyo Katoo ndiye anayepona."

"Ndiyo, madam."

"Twende tukamwone anavyopona."

Boma la Katoo lilikuwa nje ya barabara ya Isinya, nyuma ya mashamba ya maua. Mkewe, Naisenya, alikuwa mlangoni akipiga pasi shati kwa pasi ya makaa. "Takwenya, yeyo," Ledama alimsalimia, naye akaitika "Iko" bila kuinua macho. Ndani, kwenye kiti cha plastiki, aliketi mzee aliyebaki mifupa na macho. Viatu vyake vilikuwa vimepakwa rangi. Alikuwa anakohoa ndani ya mkebe uliokuwa na majivu, na alipomaliza Naisenya aliingia akaufunika kwa gazeti, kwa haraka, wageni wasione damu. Ndeti aliiona. 

"Mzee, unajiandaa safari?"

"Leo ni siku ya dawa."

"Wewe si wa asubuhi? Saa hizi asubuhi imeisha."

Mzee alitazama viatu vyake. Ndeti alivuta kigoda akaketi chini yake, kwa adabu, na kwa sababu pale chini aliweza kuiona vizuri mikono yake. Ilikuwa na makovu marefu membamba, ya kucha, mengi, yote yamepona zamani.

"Ulikuwa unajikuna sana, mzee."

"Nilijikuna mpaka huyu mama akanikata kucha kama mtoto. Kisha ikapungua. Sasa hakuna kitu."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mvua."

"Kile chumba cha dripu, unapenda kukaa kiti gani?"

"Cha pembeni. Katikati jua linakuchoma macho."

Alikuwa ameshajifichua: asubuhi jua halifiki chumba kile. Ndeti alimwacha atambue mwenyewe, na Katoo, ambaye hakuwa mjinga, alitambua. Naisenya alisimama na pasi mkononi.

"Mwambie," alisema mkewe. "Mimi nimechoka kunyamaza."

Katoo alisema kwa Kiswahili, taratibu, akipumzika kila baada ya maneno machache.

"Tukiwa morani, hakuna mtu wa kunywa maziwa peke yake. Unaita mwenzako, hata kama ni ya kujaza kifuniko cha kibuyu. Ukinywa peke yako, wewe si mtu. Sasa mimi nikaandikwa asubuhi, yeye mchana. Mimi nikanona. Yeye akaanza kukohoa damu. Watu wote wa kliniki walikuwa wanasema ni asubuhi inaponya. Nilikuwa nimekula peke yangu siku nyingi. Ikawa ni zamu yake."

"Mkabadilishana."

"Nesi akiita Katoo, Lazarus anasimama. Akiita Lazarus, nasimama mimi. Daktari haangalii uso wa mtu, anaangalia picha za kifua. Lazarus alikataa kwanza. Nikamwambia mimi nimepona, ni kumalizia tu."

"Na ulikuwa umepona?"

"Nilikuwa karibu."

Ndeti alitoka nje. Ledama alimfuata hadi kwenye kivuli cha tangi la maji.

"Basi daktari ni mkweli, madam," Ledama alisema kwa huzuni. "Lazarus amehamia asubuhi, amepona. Katoo amehamia mchana, anaisha. Ni saa kweli."

"Hapo kwa kupona, sawa. Naweza kukubali kwamba askari aliyeamka anapigana vizuri kuliko aliyelala." Ndeti alihesabu kwa vidole, tabia yake akikasirika. "Lakini kuwashwa? Dawa hii inawasha watu. Ukiipa mchana, labda ingewasha wachache. Labda ingewasha kidogo. Yeye anatuambia wagonjwa wote wa mchana, hata mmoja hajawahi kujikuna. Huyu mzee ngozi yake inaijua hii dawa. Ilimwasha mpaka akakatwa kucha. Amehama saa, basi ngozi imesahau kabisa? Saa haifanyi hivyo, Ledama. Saa inaweza kupunguza. Haiwezi kufuta."

"Nini inafuta?"

"Kukosa dawa."

 Ndeti alitema mate kwenye vumbi. Hakuwa mtu wa kutema mate.

Walimchukua Katoo kwa gari lao, shati likiwa bado na joto la pasi. Naisenya aliketi nyuma naye. Njiani mzee aliomba wapunguze mwendo, na Ledama akapunguza, ingawa Ndeti alikuwa anataka afike jana. Kibali cha mahakama hakikuwepo, na kukipata kungechukua siku. Lakini sheria inamruhusu polisi kukamata kitu kabla ya kibali ikiwa ushahidi unaelekea kupotea, na ushahidi huu ulikuwa unaelekea kwenye mshipa wa mtu.

Jua lilikuwa limekwisha kuingia chumba cha dripu. Wagonjwa watano walikuwa vitini, wamekunja nyuso, wamejikinga kwa viganja. Sandra alikuwa anatundika mfuko wa kwanza.

"Lazarus," aliita, na Katoo akasogea. Nesi alimwona Ndeti nyuma ya yule mzee, akashusha mkono.

"Ulijua hawa wawili wamebadilishana?" Ndeti alimuuliza.

"Nilijua." Aliutazama mfuko. "Walinisihi. Nilidhani ni saa tu wanabadilishana, madam. Nilidhani hakuna mtu anaumia sana."

"Nipe mfuko wake. Usimdunge mtu yeyote. Wote, waambie wangoje."

Ndeti alienda na mfuko hadi kwenye kidirisha cha kuchanganyia dawa. Nick alikuwa pale na glavu zake. Ndeti aliuinua mfuko mbele ya uso wa yule kijana na kuutikisa kwa nguvu, kama mtu anayetikisa kibuyu cha maziwa. Kisha akauweka juu ya dirisha. Wote wawili waliutazama. Vipovu vichache vilipanda, vikapasuka, na yale maji yakatulia yakawa maji.

"Hiyo si ushahidi," Nick alisema kwa sauti ndogo.

"Najua. Maabara ya serikali itanipa ushahidi. Mimi nilikuwa natazama uso wako."

Nick alivua glavu moja. Ya pili ilimshinda kutoka, vidole vilikuwa vimelowa jasho.

"Niliambiwa tu, madam. Mimi si daktari."

"Kuna nini humu?"

"Maji ya chumvi. Na ile... naosha chupa za asubuhi. Chupa zikiisha, natia maji ya chumvi kidogo, nasuuza, hiyo suuza ndiyo inaenda kwa mifuko ya mchana."

Ndeti alidhani amesikia kila kitu katika kazi yake. "Unasuuza chupa. Unawatia watu maji ya kuosha vyombo."

"Daktari alisema hivyo ndiyo kuna kitu kidogo kimebaki ndani. Alisema ili isiwe ni uongo kabisa."

Nyuma yao, mmoja wa wagonjwa alikohoa kwa muda mrefu. 

"Na chupa nzima za mchana zinaenda wapi?"

"Ako na wagonjwa wake wa nyumbani. Wale wa mageti makubwa. Anawapelekea mwenyewe."

Daktari Wahome aliingia akiwa amevaa koti jeupe na tabasamu la kupokea wageni. Alimtazama Nick, akautazama mfuko, na tabasamu likabaki pale pale bila mwenyewe. Ndeti alimsomea haki zake. Alisikiliza hadi mwisho, kwa uvumilivu, kama mwalimu anayemngoja mwanafunzi mzito.

"Naomba uelewe kitu kimoja, Inspekta. Swali lenyewe ni la kweli. Saa ina maana, nina hakika. Wengine waliona tofauti ndogo, na tofauti ndogo hakuna mtu anaisikiza. Mimi nilisaidia tu jibu lionekane."

"Uliwasaidia kufa."

"Walikuwa wagonjwa wa kansa. Wengi wangekufa hata hivyo. Sikuua mtu, nilikosa kuwaponya." Alikunjua mikono. "Hayo ni mambo mawili tofauti kisheria. Muulize wakili yeyote."

 Ndeti alikuwa amewakamata majambazi waliolia, wauaji waliojikojolea, na mmoja aliyeomba nafasi ya kusali. Wote walikuwa na kitu fulani cha kibinadamu usoni. Huyu hakuwa nacho. Alimfunga pingu yeye mwenyewe. Kiganja cha daktari kilikuwa laini, kimelowa, baridi kama ini lililowekwa kwenye sahani. Baada ya kumkabidhi kwa Ledama, Ndeti alikwenda kwenye sinki akanawa mikono kwa sabuni, mara mbili.

Ndipo Sandra alipofungua friji na kumwonyesha. Chupa nzima zilikuwa mstari mmoja, zimelala kwenye baridi.

"Hizi ni nzuri," alisema. "Ni zenyewe. Mtazichukua?"

Ndeti alimpigia simu mkuu wake. Mkuu alisema kielelezo ni kielelezo, friji ifungwe kwa utepe, ufunguo uje Kajiado. Wakili wa yule bwana angekuwa mkali, na chupa moja ikikosekana kesi itatobolewa.

"Afande, kuna watu hapa wamekaa karibu mwaka wakipewa suuza," Ndeti alisema. "Dawa yao iko mbele yangu. Nachukua mifuko yote ya leo, chupa zote tupu, na nzima mbili. Zilizobaki napiga picha moja moja na kuziacha kwa baridi. Nimeongea na daktari wa saratani wa hospitali ya serikali, atakuja kesho na mwanasheria wake. Kesi ikitoboka, nitaishona mimi."

Mkuu alikata simu bila kujibu. Angejibu kesho, na Ndeti alijua jibu hilo lingekuja kwa barua. Alianza kupiga picha chupa.

Alipomaliza, na wagonjwa wengine wakiwa wameambiwa warudi kesho, alivuta kiti akaketi karibu na Mzee Katoo, akamweleza yote, bila kuyapunguza. Naisenya alijifunika uso kwa leso. Katoo alisikiliza akitazama vilima.

"Kwa hivyo ile ya asubuhi," aliuliza, "ilikuwa dawa?"

"Ilikuwa dawa."

"Na Lazarus amepata dawa kweli. Siku zote hizi."

"Amepata. Na wewe kesho utaonwa na daktari mwingine. Siwezi kukuahidi kitu, mzee. Umepoteza muda mwingi."

"Na saa? Asubuhi si bora?"

"Labda ni bora. Hatujui. Huyu daktari ndiye angetuambia, na kila kitu alichopima amekitia maji. Itabidi wengine waanze upya."

Katoo alitikisa kichwa kukubali. Kisha akasogea mbele, akapunguza sauti.

"Lazarus asijue."

"Mzee, ni shahidi. Bila yeye sina kesi. Nimeshamtumia gari."

"Basi sema ni mimi nilikataa asubuhi. Sema iliniwasha sana, nikamsukumia yeye. Yeye anajua nilimpa saa tu. Hajui nilimpa yote. Akijua, hatakula tena. Mimi namjua."

Siku nzima watu walikuwa wakimdanganya Ndeti, na kila uongo ulikuwa umemtia kichefuchefu. Huu ulimuuma tu. Kitu alichoombwa kilikuwa ndicho pekee ambacho asingeweza kutoa.

Hatua zilisikika kwenye ngazi, nzito, za mtu mwenye mwili. Lazarus aliingia na vumbi la mnada kwenye viatu, akihema, akijikuna kiwiko. Aliona viti vimeachwa, daktari hayupo, nesi analia. Alimwona rika yake kando ya dirisha, na dripu haikuwepo mkononi mwake.

"Umemaliza mapema leo," alisema.

Katoo alimtazama Ndeti. Ndeti akainuka, akampisha Lazarus kile kiti.

"Keti hapa karibu naye, mzee," alisema. "Umshike mkono kwanza, kisha nitakwambia."